Kifaa kikiwa ndani ya mwili, funguo zake ashike nani?

Mhariri,

Twaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu vifaa vya tiba vyenye akili ya kompyuta, vile vinavyopachikwa ndani ya mwili au kubandikwa kwenye ngozi vikakaa huko usiku na mchana. Limezuka swali barazani na kwenye simu: mtu mwenye betri kifuani na kihisi cha sukari mkononi bado ni mtu kamili, au ameshaanza kuwa mashine? Wapo wanaowaita watu hao roboti, na mzaha huo unaumiza. Sisi ni mafundi wa vifaa vya hospitali na wauguzi. Tunakubali kwamba mpaka kati ya mtu na mashine umefifia, lakini watu wanautazama kwenye chuma na nyama, ilhali jambo zito liko kwingine: ni nani anayeweza kukisoma kifaa hicho, kukirekebisha na kukizima.

Jambo lenyewe si geni. Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, Uswidi, daktari mpasuaji Åke Senning alimwekea Arne Larsson kifaa cha kwanza cha kuratibu mapigo ya moyo kuingizwa chote ndani ya mwili, kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kile cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu kikanyamaza, akawekewa kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini maishani mwake na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani, si kwa maradhi ya moyo. Neno saibogi, la kumtaja kiumbe aliyeunganishwa na mashine, lilibuniwa na Manfred Clynes na Nathan Kline mwaka 1960. Mtu alilitangulia neno kwa miaka miwili, na wala hakuna aliyemwona Larsson kuwa pungufu ya mtu.

Kifaa hicho, ambacho hospitalini tunakiita pesimeka, leo ni kijisanduku cha titani chenye uzito wa gramu 20 hadi 30. Hupachikwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na waya moja au mbili hupitishwa ndani ya mshipa wa vena hadi vyumba vya kulia vya moyo. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Kasi ya chini ikipangwa kuwa mapigo 60 kwa dakika, maana yake kifaa kinangoja sekunde moja. Moyo ukipiga wenyewe kabla ya hapo, kinakaa kimya, na usipopiga kinatuma umeme kidogo, volti mbili au tatu hivi, kwa muda usiofika nusu ya milisekunde. Mwenyewe hahisi kitu. Kwa hiyo kwa wengi moyo na mashine hupokezana, na kuna anayetumia pesimeka yake asubuhi tu au usingizini tu.

Ndani yake mara nyingi mna kihisi cha mtikisiko. Mtu akitembea au kupanda ngazi, kifaa huona mwili unafanya kazi na kuongeza mapigo. Ndiyo maana abiria wa tuktuk kwenye barabara ya mashimo huweza kuhisi moyo wake unakwenda mbio ilhali ameketi: mashine imeyasoma mashimo kama hatua za miguu. Huo si ugonjwa na kifaa hakijaharibika. Likimsumbua, unyeti wa kihisi hupunguzwa kliniki kwa dakika chache, bila kisu, kwa kutumia kompyuta maalumu inayozungumza na kifaa kupitia ngozi.

Kompyuta hiyo ndiyo kiini cha barua yetu. Kila kampuni inayotengeneza pesimeka ina kompyuta yake ya kuzisoma, na ile ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Wagonjwa wengi wa pwani huenda kupasuliwa Nairobi, au India, wakarudi Mombasa na kifaa kilichofungwa vizuri kabisa. Baada ya miezi sita wanahitaji kipimwe: betri imebaki kiasi gani, waya zina ukinzani gani, moyo umetegemea mashine kwa asilimia ngapi, na kuna mapigo mabovu yaliyorekodiwa usiku? Hapo ndipo wanapogundua kwamba kompyuta ya kampuni ile haipo mjini. Kifaa kimo ndani ya kifua chao na hakuna wa kukifungua mdomo. Basi kabla ya kutia saini ya upasuaji, mgonjwa au mwanawe aulize mambo mawili: kifaa ni cha kampuni gani, na kompyuta ya kukisoma iko hospitali gani karibu na nyumbani, inapatikana siku gani. Daktari mwema hatachukia kuulizwa hivyo. Kama jibu ni kwamba itabidi kusafiri kila mara, bora familia ijue mapema na kuweka nauli kuliko kukaa miaka bila kipimo.

Ratiba yenyewe haina ugumu. Kipimo cha kwanza ni ndani ya wiki chache baada ya kufungwa, kingine mnamo mwezi wa pili au wa tatu, kisha kila miezi sita hadi kumi na miwili. Betri ya pesimeka haichajiwi. Hudumu miaka saba hadi kumi na miwili kutegemea kazi yake, na inapokaribia kwisha kifaa huonyesha alama ya kubadilishwa, ambayo kwa kawaida huacha miezi mitatu hivi ya usalama. Asiyepimwa hataiona alama hiyo. Atajua siku atakapoanza kuzirai.

Wiki nne hadi sita za mwanzo mkono wa upande ule usiinuliwe juu ya bega wala kubeba ndoo ya maji, kwa sababu ncha ya waya bado haijashikana na nyama ya moyo na inaweza kuchomoka. Wapo wenye mazoea ya kukigeuzageuza kifaa kwa vidole chini ya ngozi. Hilo huzungusha waya kama uzi kwenye kigurudumu hadi zikavutika zikatoka. Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa maji, kisipakwe chochote, kisitobolewe kwa sindano, na mtu asijinunulie vidonge vya antibayotiki dukani. Mfuko wa kifaa ukiingia vijidudu, dawa peke yake haziwezi kusafisha chuma; mara nyingi lazima kila kitu kitolewe, waya pamoja, ndipo kiwekwe kingine upande wa pili.

Kuhusu sumaku, watu wameogopeshwa kupita kiasi upande mmoja na kupuuza upande mwingine. Redio, televisheni, feni, jiko la umeme la koili, hivyo havina neno. Simu iwe umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye kifaa: isiwekwe mfuko wa shati, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Simu za siku hizi zenye sumaku mgongoni, na vikasha vya visikizi vyenye mfuniko wa sumaku, ndivyo vya kuangaliwa zaidi, maana sumaku ikikaribia huifanya pesimeka iache kusikiliza moyo na kupiga tu kwa kasi isiyobadilika. Ikiondolewa, kifaa hurudi kama kawaida. Kwenye lango la kivuko cha Likoni au uwanja wa ndege, mtu apite tu bila kusimama katikati ya fremu. Mlinzi mwenye kigunduzi cha mkononi aombwe asikishikilie juu ya kifua. Mafundi wa kuchomelea vyuma, na Mombasa wako wengi, wana swali zito zaidi kwa sababu ni riziki yao. Mwongozo wa kawaida wa watengenezaji ni mkondo usiozidi ampea 160, sentimita 60 kati ya kifua na mahali pa cheche, sehemu iwe kavu, nyaya mbili za mtambo zikae pamoja na mbali na mwili, na kupumzika sekunde kumi hivi kati ya kuchomelea mara moja na nyingine. Kizunguzungu kikianza, aachie na kusogea. Lakini aulize kwanza kwa daktari wake, kwani asiye na mapigo yake mwenyewe kabisa ana hatari kubwa kuliko mwenye moyo unaosaidiwa mara moja moja. Tiba ya joto la mawimbi mafupi inayotolewa kwa wenye maumivu ya mgongo ni marufuku kwa mwenye pesimeka yoyote, wala hakuna umbali salama wa kukadiria hapo.

Sasa tuje kwenye kisukari, ambako mashine imeanza kuamua mambo makubwa zaidi.

Kihisi cha sukari ni duara dogo linalobandikwa nyuma ya mkono wa juu, lenye uzi mwembamba unaoingia milimita tano hivi chini ya ngozi. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kinachochanganyika na glukosi na kutoa umeme mdogo, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba kwenye simu. Hakipimi damu. Kinapima maji yaliyo kati ya chembe za mwili, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa dakika tano hadi kumi. Mtu akiwa ametulia, tofauti ni ndogo. Akiwa anateremka haraka, labda amejidunga insulini kisha akasukuma mkokoteni Kongowea, simu inaweza kusema 5.0 (milimoli kwa lita, kipimo tunachotumia hapa) huku damu imeshafika 3.5. Mshale unaoelekea chini una maana kuliko namba yenyewe. Kanuni ya kufuata: mwili ukisema kitu kimoja na simu ikasema kingine, choma kidole. Glukometa na vijiti vyake visitupwe kwa sababu ya kuja kihisi.

Makosa ya kihisi yana sababu zake, na nyingi zinajulikana. Kulalia mkono wenye kihisi hubana maji ya pale na kutoa namba ya chini ya uongo, saa nane za usiku, nyumba nzima ikaamka. Siku ya kwanza ya kihisi kipya si ya kuaminiwa sana. Kati ya vihisi vinavyouzwa, FreeStyle Libre huhitaji saa moja ya kujiandaa na hudumu siku 14, Dexcom G6 huhitaji saa mbili na hudumu siku 10. Vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku huweza kuipandisha namba ya FreeStyle Libre 2, na paracetamol inayozidi gramu moja kila saa sita huipandisha ya Dexcom G6. Kuna moja linalotuhusu sana sisi watu wa pwani, ambako selimundu (sikoseli) ni nyingi: haidroksiurea, dawa inayotumiwa na wagonjwa wa selimundu, huipandisha namba ya Dexcom G6 kiasi cha kumficha mtu aliyeishiwa sukari. Mwenye maradhi yote mawili na anayemeza dawa hiyo asitegemee kihisi cha namna hiyo. Hili hatulisikii likisemwa dukani kifaa kinapouzwa.

Halafu kuna joto letu. Wakati wa kaskazi jasho hubandua gundi kabla ya siku kwisha. Mahali pa kubandika paoshwe kwa sabuni isiyo na mafuta, pakauke kabisa, pafutwe kwa spiriti, pakauke tena, ndipo kihisi kibandikwe na kushikiliwa kwa kiganja nusu dakika. Mafuta ya nazi yasikaribie hapo. Libre huvumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, kwa hiyo kuoga na kutawadha hakukidhuru; hukumu ya udhu juu ya kitu kilichobandikwa waulizwe masheikh. Mzamiaji wa pweza ajue kwamba kina chake kimepita kipimo hicho.

Simu yenyewe ni sehemu ya kifaa, nalo hilo watu hulisahau. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na programu ya sukari ikizimwa, kengele ya usiku haitalia. Nenda kwenye mipangilio ya betri, itafute programu hiyo, iondolee vizuizi, ruhusu arifa, acha Bluetooth wazi, usiweke simu chumba kingine ukalala. Kengele haihitaji bando. Bando linahitajika tu pale mama aliye Changamwe anapotaka kuona sukari ya mwanawe aliye shuleni Kisauni. Stima zikipotea usiku na simu iko asilimia kumi, hapo ndipo pa kuwa na betri ya akiba.

Juu ya kihisi inakuja pampu ya insulini. Si wengi walio nayo hapa, lakini idadi inaongezeka, na ndiyo inayofanana zaidi na lile swali la barazani. Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mfumo wa kwanza, MiniMed 670G, ambamo kihisi hupeleka namba kwa pampu kila dakika tano na pampu huongeza au kupunguza insulini yenyewe. Mlo bado lazima mtu auambie mfumo, kwa gramu za wanga. Hapo tuna kazi yetu wenyewe ya kufanya, maana orodha za vyakula zilizomo kwenye programu hizo zimetungwa kwa mikate ya Ulaya, hazijui mahamri, kaimati wala viazi karai. Tende kubwa moja ina wanga wa gramu 16 hadi 18. Ndogo, gramu tano au sita. Anayefuturu kwa tende tatu akaandika "tende 3" bila kujua ukubwa anaweza kukosea kwa gramu 30 au zaidi, na mashine itamdunga kwa kosa hilo. Wataalamu wa lishe wa Mombasa wangetufaa sana wakipima vyakula vyetu kwa mizani ya jikoni na kubandika orodha ukutani kliniki.

Pampu hutumia insulini ya haraka pekee, hakuna ile ya kudumu siku nzima iliyohifadhiwa mwilini. Mrija ukikunjika, hewa ikiingia au sindano laini ikitoka kwenye ngozi, mwili unabaki bila insulini yoyote, na baada ya saa tatu nne tindikali huanza kupanda damuni. Namba za kukumbuka: sukari ikipita 14 na saa moja au mbili baada ya dozi ya marekebisho haijashuka, usiiamini pampu tena. Pima ketoni, yaani hiyo tindikali. Jidunge kwa kalamu au sirinji. Kisha badilisha seti nzima, mrija na sindano, na insulini mpya. Ukitapika, nenda hospitali. Kwa sababu hiyo mwenye pampu hatoki nyumbani bila kalamu. Sindano na mrija hubadilishwa kila siku mbili hadi tatu hata kama vinaonekana vizima, na insulini itolewe kwenye friji mapema ifikie joto la chumba kabla ya kujazwa, la sivyo itatoa mapovu.

Insulini iliyofunguliwa hudumu siku 28 chini ya nyuzi 30. Machi hapa Mombasa chumba cha mabati hupita hapo mchana. Wengi hutumia chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, nao ni ujuzi mzuri, ila una mpaka wake: chungu hupoza kwa maji kukauka, na hewa ya pwani imeshiba unyevu, kwa hiyo hakipozi hapa kama kinavyopoza Garissa. Weka kipimajoto ndani uone mwenyewe. Kipeleke kivulini penye upepo.

Ramadhani nayo inahusiana na haya yote. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unasema kupima sukari hakuvunji saumu, na unataka mtu afungue pale sukari inaposhuka chini ya 3.9 au kupita 16.6. Sukari ikishuka, gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena kwa kidole. Nusu chupa ya soda ya mililita 300 inatosha, ile yenye sukari. Dafu halitoshi: glasi moja ina gramu tisa hivi tu.

Kuna kifaa kidogo zaidi tusichotaka kukiacha, kile cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana, na rangi ya ngozi humeza sehemu ya mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kifaa kiliposema oksijeni ni kati ya asilimia 92 na 96, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa wamepungukiwa nayo bila kuonekana, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Mashine iliyopimiwa ngozi ya wengine inatudanganya sisi kwa upole. Mgonjwa akihema kwa shida, pua zinatanuka, asirudishwe nyumbani kwa sababu kidole kimesema 94. Na bi harusi mwenye piko au rangi nzito ya kucha apimwe kwa kidole kisichopakwa, au kifaa kigeuzwe ubavu.

Turudi kwenye funguo. Agosti 2017 FDA ilitangaza programu mpya kwa pesimeka takriban 465,000 za kampuni ya Abbott nchini Marekani, kwa kuwa mtu mwenye ujuzi, akiwa karibu, angeweza kuzifikia kwa mawimbi ya redio. Hazikutolewa mwilini. Mgonjwa alifika kliniki, programu ikaingizwa kwa dakika tatu hivi, na kwa muda huo kifaa kikapiga mapigo 67 kwa dakika. Aliye mbali na kompyuta ya kampuni hiyo hana namna ya kupata marekebisho kama hayo. Mfano mchungu zaidi ni jicho la bandia la Argus II, lenye elektrodi 60, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kampuni iliyolitengeneza iliacha biashara hiyo mwaka 2019, mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika, na watu zaidi ya 350 duniani wakabaki na kifaa machoni mwao kisicho na vipuri wala fundi. Kifaa kikiharibika, mtu alirudi gizani kwa sababu ya hesabu za ofisi fulani. Hapo ndipo tunapoona mpaka uliofifia kwa kweli: mwili wako, ila uhai wa kiungo chako unategemea kampuni kuendelea kupata faida.

Sheria tunayo mahali pa kuanzia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, inampa mtu haki ya kuziona habari zake zinazoshikiliwa na mwingine, na inataka idhini yake kabla data nyeti haijachakatwa nje ya Kenya. Kihisi kinachopeleka sukari yako kwenye kompyuta za ng'ambo kimo ndani ya sheria hiyo. Ukibonyeza "nakubali" kwenye simu umetoa idhini, kwa hiyo soma kwanza, au mpe mwanao akusomee.

Na kifo pia kina maswali yake, ambayo familia huyauliza kwa sauti ya chini. Pesimeka haimzuii mtu kufa. Moyo uliokata roho hauitikii umeme wake, hata kifaa kikiendelea kutuma. Waosha maiti hawana hatari yoyote kutoka kwa pesimeka. Kuna ndugu yake mkubwa, kifaa kinachoushtua moyo kwa nguvu ukianza kutetemeka, na hicho ni tofauti: kinaweza kumshtua mgonjwa mara nyingi katika saa zake za mwisho, jambo la mateso matupu. Familia izungumze na daktari mapema ili sehemu ya mshtuko izimwe, na pasipo kompyuta, sumaku ya hospitali ikibandikwa juu yake kwa plasta huizuia kwa muda. Kwa wanaochoma maiti, pesimeka lazima itolewe kwanza kwa sababu betri hulipuka tanuruni. Na iliyotolewa haina haja ya kuishia pipani: Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kimefanya utafiti wa kusafisha na kupima upya pesimeka zilizotumika ili wawekewe wagonjwa wasio na uwezo, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Moyo wa mtu mmoja ukasaidiwa na kilichousaidia wa mwingine; sisi tunaona hilo ni utu kamili.

Tunachoomba kwa hospitali zote za kaunti hii, za umma na za binafsi, ni kadi. Kila anayefungwa kifaa atoke nayo mkononi, kwa Kiswahili, na iwe imeandikwa kampuni, modeli na namba ya kifaa, tarehe ya kufungwa, kasi ya chini na ya juu iliyopangwa, asilimia ambayo moyo unaitegemea mashine, kama kinaruhusu kipimo cha MRI (picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa) au hapana, sumaku inakifanya nini, kliniki yenye kompyuta ya kukisoma, na tarehe ya kupimwa tena. Kwa wenye vihisi na pampu iongezwe kipimo kinachotumika, maana vifaa vinavyoletwa na jamaa kutoka Marekani husoma kwa miligramu na vyetu kwa milimoli. 70 ya kule ni 3.9 ya hapa, unagawanya kwa 18. Kadi iwekwe kwenye pochi, ipigwe picha ibaki kwenye simu, na nakala apewe mtu mmoja nyumbani anayejua kuisoma.

Ni sisi,
Mafundi na wauguzi wa vifaa tiba,
Tudor, Mombasa